Kabla hujaacha pombe, andaa kwanza jioni na usiku wako

Watu wengi wakiamua kuacha pombe wanajiandaa kwa kila kitu isipokuwa saa 12 jioni. Mchana unapita vizuri tu, kazi zipo, watu wapo, mtu anajiambia mbona hii kitu rahisi, halafu jua likianza kuzama ndo mwili unakumbuka ratiba yake na mtu anajikuta amesimama jikoni kashika mlango wa friji wala hajui ametafuta nini. Ndo maana nasema haya mambo yafanye mapema, asubuhi au mchana ukiwa umetulia, manake ile kiu ikishapanda hakuna mtu anayekaa chini kupanga, unafanya tu kile kilicho karibu yako. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha kilicho karibu yako si pombe.

Ila kabla ya jioni kuna usalama, na hapa nakuomba usiruke. Kama unakunywa kila siku na unakunywa sana, au ukiamka mikono inatetemeka mpaka upige kidogo ndo itulie, au ulishawahi kuanguka degedege ulipojaribu kuacha, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Pombe inapoza ubongo, na ubongo uliopozwa kila siku kwa muda mrefu unajizoesha kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili usizidiwe, ni kama dereva anayekanyaga mafuta huku breki imeshikwa, sasa ukiiachia hiyo breki kwa mara moja gari linaruka. Arosto, yaani yale mateso ya mwili ukiikosa pombe uliyoizoea, huanza kama masaa 6 mpaka 24 baada ya kinywaji cha mwisho, kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, moyo kwenda mbio. Degedege likija huwa linakuja zaidi ndani ya siku 2 za kwanza, na ile hali mbaya kabisa ya kuchanganyikiwa, kuweweseka macho yakiwa wazi, kuona vitu ambavyo havipo na joto kupanda, mara nyingi inaingia kati ya siku ya 2 na ya 4, na inaua. Hospitali wana dawa za kukushusha taratibu, na wanaweza kukupa vitamini B1 ambayo mtu aliyekunywa miaka mingi mara nyingi anakuwa ameishiwa. Muone daktari kabla hujachagua siku ya kuacha, mwambie kiasi chako halisi bila kupunguza, na mtafute mtu mzima wa kulala nyumba moja na wewe zile siku 4 za mwanzo, zile dalili za hatari umwandikie kwenye karatasi ili asije akadhani umechoka tu ukiwa unaongea na ukuta.

Ukishamaliza hilo njoo kwenye nyumba. Chupa zote zitoke, na nikisema zote ni zote, pamoja na ile iliyo nyuma ya masufuria na ile ya zawadi inayosemwa ni ya wageni. Ukiweza mpe mtu mwingine akamwage, wewe usiwe unanusa. Na ile glasi yako unayoipenda nayo iondoke, hata kiti ulichozoea kukalia ukinywa kisogeze, kaa upande mwingine wa sebule. Inaonekana kitu kidogo ila kichwa kinaamshwa na vitu hivyohivyo vidogo, sauti ya kizibo, kiti, taa fulani, ule muda wa taarifa ya habari. Kama njia yako ya kurudi nyumbani inapita mlango wa baa basi chagua njia nyingine kabla, usiseme nitapita tu bila kuangalia, na siku ya mshahara usitembee na hela nyingi mfukoni.

Halafu kula mapema. Hili watu wanalidharau sana na mimi naliona ni nusu ya vita, njaa na kiu ya pombe zinafanana mno kwenye mwili uliochoka, kwa hiyo ukifika saa 12 tumbo tupu umeshajitega mwenyewe. Weka kitu tumboni kuanzia saa 10 au 11 jioni, chakula chenyewe kiwe kimeshaandaliwa, na uwe na kinywaji cha baridi cha kushika mkononi. Ukijikuta unatamani sana vitu vitamu wiki za mwanzo usijitese, ni kawaida, hilo utalishughulikia baadaye. Bia zisizo na kilevi mimi nashauri miezi ya mwanzo uziache, harufu ni ileile na chupa ni ileile.

Kiu yenyewe ina tabia moja nzuri, inapanda halafu inashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi, hata usipoipa kitu. Kwa hiyo hutafuti namna ya kuvumilia usiku mzima, unatafuta cha kufanya nusu saa, na kiwe kimeshachaguliwa kabla, kuoga, kutembea, kufua, kitu cha mikono. Na uwe na mtu wa kumpigia ambaye mmeshaongea mapema, umwambie kabisa nikikupigia saa 1 usiku usiniulize maswali, ongea tu na mimi habari yoyote. Andika meseji kabisa uihifadhi kwenye simu, "niko kwenye wakati mgumu naomba unipigie", ili wakati huo ubonyeze kutuma tu, maana kuanza kutunga maneno ukiwa umebanwa ni ngumu na aibu inaingia unaacha. Vikao vya Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, vinafaa sana hapa kwa sababu vingi ni vya jioni, walianza 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, mlevi mmoja akiongea na mlevi mwenzake, na siku hizi kuna vikao vya kwenye intaneti usiku na mchana, hata saa 8 za usiku kuna watu wako macho. Tafuta kikao chako kabla, jaribu kuingia mara moja, ujue linki inafanya kazi.

Sasa usingizi. Hapa ndo wengi wanarudi, mtu anavumilia jioni vizuri kabisa halafu saa 9 usiku anasema nipige moja tu nilale. Ujue mapema kinachoendelea. Pombe inakulaza haraka kweli, ila nusu ya pili ya usiku inakukatakata, na ule usingizi wa ndoto inaubana, kwa hiyo ukiacha zile ndoto zinarudi kwa nguvu, kali, ndefu, nyingine mbaya. Wengi wanaota wamekunywa na wanaamka wanatetemeka wakiamini wameanguka, hujaanguka, ni ndoto, kunywa maji ulale. Siku za kwanza zinakuwa mbaya zaidi, wiki kadhaa unalala vipande vipande, wengine inachukua miezi kabla haijakaa sawa, na hiyo si dalili kwamba kuacha kumekushinda. Usipange kuanza wiki ambayo una mtihani au safari ya kuendesha gari usiku, kukosa usingizi huku umeshika usukani ni hatari.

Karibu na kitanda weka shuka la pili, fulana kavu, maji na taulo, kwa sababu jasho litakuja na hutaki kuwasha taa zote na kuzunguka nyumba ukitafuta nguo, ukishazunguka umeamka moja kwa moja. Kahawa na chai ya rangi mwisho wake mchana, baada ya masaa kama 5 karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Chagua saa ya kuamka na uishike kila siku hata kama umelala masaa 3. Ukiona kama dakika 20 zimepita hulali, toka kitandani, kaa sehemu yenye mwanga hafifu ufanye kitu cha kuchosha, usingizi ukija ndo urudi, kitanda kisije kikawa mahali pa kugombana na kichwa chako. Saa igeuze ukutani. Simu iache chumba kingine kama una uwezo, ila isiwe mbali kiasi cha kushindwa kumpigia yule mtu wako.

Dawa za usingizi usiazime za mtu, nakuomba. Zile za kundi la diazepamu zinagusa sehemu ileile ya ubongo inayoguswa na pombe, zinazoesha haraka, na zikichanganywa na pombe mtu anaweza kuacha kupumua usingizini. Daktari akikupa kwa ajili ya arosto ni kwa siku chache na kwa dozi aliyopima, hiyo ni habari nyingine. Kama mwezi umeisha na usingizi bado haujakaa, rudi ukamwambie wazi kwamba umeacha pombe kabla hajaandika dawa yoyote, na uulize kuhusu tiba ya usingizi isiyo ya vidonge, ile ya kubadilisha mazoea na mawazo, ndo inayopendekezwa kwanza. Mtajie pia kama unakoroma na kukabwa pumzi usiku. Ila yakija mawazo ya kujidhuru usisubiri mwezi wala asubuhi, mwamshe mtu hapohapo akupeleke hospitali.