Namna ya kuziba jino kwa saruji ya glasi ionoma bila kulipotezea madini yake

Mwongozo huu umekusudiwa matabibu wa meno waliokwisha kufunzwa kazi hii, hasa wale walio katika vituo ambako umeme hukatika na mashine ya kuchongea haipo. Mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na saruji iliyokuja kuifaa zaidi ni glasi ionoma, yaani unga wa glasi unaogandishwa na asidi, ambayo Alan Wilson na Brian Kent waliitangaza Uingereza mwaka 1972.

Ni vyema kwanza kumweleza mgonjwa ukweli kwamba saruji hii haioteshi jino upya. Kinachoweza kurudishiwa madini ni enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, iliyopauka pembezoni mwa shimo, ambayo asidi ya bakteria imeinyang'anya kalsiamu na fosfeti kila mara pH ya mdomo (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka asidi inapozidi) iliposhuka chini ya takriban 5.5. Mate ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya madini hayo, na floraidi inayotoka polepole katika saruji huyasaidia kushika.

Chagua jino kwa uangalifu. Shimo la upande mmoja wa gego hudumu vizuri kuliko lile linalogusa pande mbili au zaidi. Jino linalouma lenyewe usiku, lenye usaha, au ambalo kiini chake chenye neva kimefunuka, lisizibwe hivi; mgonjwa apewe rufaa.

Zungushia jino pamba, kisha ondoa dentini (tabaka lililo chini ya enameli) laini iliyooza kwa kijiko cha kuchimbulia, ukianzia kwenye kuta na kumalizia sakafuni, na karibu na kiini usishindane na dentini iliyo ngumu kiasi. Paka asidi ya poliakriliki ya asilimia 10 hadi 20 kwa sekunde 10 hadi 15, osha kwa pamba yenye maji, kisha kausha kwa pamba kavu. Usipulize upepo, kwa sababu jino likikauka kupita kiasi saruji haishiki vyema.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Bidhaa nyingi hutaka kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa kwa tone moja la kimiminika chake. Laza chupa kwanza ili hewa itoke mdomoni mwake, ndipo uiweke wima, mdomo ukiangalia chini, na kudondosha tone zima. Gawa unga mafungu mawili na uchanganye yote ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ambao kwa kawaida hauzidi nusu dakika. Anayeongeza kimiminika ili mchanganyiko ulainike hupata saruji dhaifu inayolika upesi. Uso wa saruji lazima uwe bado unang'aa inapoingia shimoni. Ukishafifia, asidi iliyotakiwa kushikana na kalsiamu ya jino imekwisha kutumika, na mchanganyiko huo utupwe hata kama roho inauma kwa gharama yake.

Jaza shimo kupita ukingo kidogo, kisha paka glovu mafuta ya mgando na ukandamize kwa kidole kwa takriban nusu dakika, ili saruji ifike pia kwenye mifereji ya gego iliyo jirani. Ondoa iliyozidi, hakikisha mgonjwa anauma sawasawa, na upake tena mafuta ya mgando au vanishi, kwani saruji changa hudhuriwa na mate na pia na ukavu.

Mgonjwa asile kwa saa moja. Floraidi hutoka kwa wingi siku za mwanzo na kisha hupungua sana, lakini saruji inaweza kupokea nyingine kutoka kwenye dawa ya meno. Kwa hiyo apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, ateme povu, na asisukutue kwa maji mengi. Jino likianza kuuma lenyewe baada ya kuzibwa, arudi mapema bila kungoja tarehe aliyopangiwa.