Umefika Japani na njaa yako? Soma hii kabla hujanunua unga

Wiki ya kwanza nimefika Saitama niliona dukani pakiti ya unga mweupe, laini, ina picha ya hindi kabisa, nikasema leo nasonga. Nikainjika maji, nikamimina, nikageuza mara tatu, kitu kikawa gundi. Nasema gundi ya kweli, inang'aa, inavutika, kijiko cha wali kimesimama katikati hakitoki. Kumbe nimenunua konsutachi, ule wanga wa kufanyia mchuzi uwe mzito, wenyewe wanaandika コーンスターチ. Wengi tumepita hapo ila hatusemi.

Basi twende taratibu, tuanze na huo huo unga maana ndio unawaliza watu.

Sembe kwenye supamaketi za kawaida usihangaike, hakuna. Unaenda duka za halali, na kama uko Tokyo au karibu basi shuka Shin-Okubo, kuna kichochoro pale karibu na stesheni wanakiita Isuramu Yokocho, duka za Wapakistani, Wabangladeshi na Wanepali zimebanana, unanusa bizari hata kabla hujafika. Pale kuna basmati, dengu, choroko, mbuzi wa frizi aliyekatwa tayari, viungo vyote vya pilau, na mara nyingi unga wa mahindi. Ukikuta wa njano usiukimbie, huo wanakula Wapunjabi, unasongeka vizuri tu, ila sahani yako itafanana na ule wazee waliouita unga wa yanga. Mweupe uliza, wakati mwingine upo nyuma haujapangwa. Ukikaa mkoani mbali na hayo maduka agiza mtandaoni, na ikishindikana kabisa songa semolina, siyo ugali lakini mboga hailalamiki.

Chapati nazo zina siri yake. Ngano hapa inaitwa komugiko na ipo ya aina tatu, na ile ya bei rahisi ya kilo moja iliyojaa kila duka ni hakurikiko, 薄力粉, ya keki. Ukikanda chapati kwa hiyo zinakatika kama biskuti, utamlaumu mama yako bure kwamba hakukufundisha. Tafuta kyorikiko 強力粉, ya mikate, au churikiko 中力粉 ambayo ni ya katikati. Ona herufi mbili za mwisho ni zile zile kwa zote, kwa hiyo wewe angalia ya kwanza tu. Mimi nachanganya nusu ya mkate nusu ya keki, zinatoka laini na zinakunjika. Maandazi hayana maringo, ngano ya keki inatosha.

Mchele wao ni mfupi, unanata, kwa wali na maharage nimeuzoea ila pilau ukijaribu nao unapata uji wenye nyama. Basmati ndio jibu, na siku hizi siyo anasa tena, maana mwaka 2025 mchele wa Kijapani ulipanda mpaka mfuko wa kilo 5 ukapita yen 4,000.

Sasa saa ya kwenda dukani. Hili ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa hela nyingi sana, maana mwezi mzima nilikuwa nakula konbini, yaani 7-Eleven, Lawson, FamilyMart, ziko wazi usiku kucha, chakula kizuri, na mfuko wako unakauka kimya kimya. Konbini iache kwa ajili ya kutoa pesa kwenye mashine na kulipia bili. Chakula nunua supamaketi, na nenda jioni. Kuanzia kama saa moja au saa mbili usiku hivi, inategemea duka, anatokea mfanyakazi na kimashine cha stika, anaanza na punguzo la asilimia 20, anazunguka, anarudi na 30, halafu mwisho kabisa zinakuja zile stika zilizoandikwa 半額, hangaku, nusu bei. Utaona watu wazima wenye suti wamesimama kwenye tofu wanajifanya wanasoma, wanamsubiri yeye. Na wewe simama. Ila usichukue nyama ukaiweka kwenye kikapu halafu umfuate akubandikie, hiyo wanaona ni kukosa adabu. Ikishabandikwa beba, ukifika nyumbani gawa mafungu, tia frizi. Sushi na kuku wa kukaanga wa stika unakula usiku huo huo.

Kwenye bei kuna namba mbili, iliyoandikwa kwa herufi kubwa haina kodi na ya herufi ndogo yenye 税込 ndio utakayolipa. Chakula kodi ni asilimia 8, vitu vingine na pombe 10, ndio maana duka la yen 100 kama Daiso unalipa 110.

Ukiwa na familia au mnakaa wengi tafuta Gyomu Super, ile yenye bango la kijani. Kuku wa Brazil wa frizi anauzwa kwa mfuko wa kilo 2, mboga za barafu, viungo, mafuta, vyote vikubwa vikubwa. Nyanya mbichi ni ghali, mimi napikia za kopo za Italia. Vitunguu saumu vya Aomori bei yake itakushtua, vile vya China viko pembeni kwenye kineti, chukua hivyo, mchuzi haujui pasipoti.

Mboga za majani chukua komatsuna, ukiikata nyembamba ukaikaanga na kitunguu inakaribia sana sukuma wiki. Bamia wanaita okura, kwa hiyo hapo uko nyumbani. Na kwa watu wa pwani, futari yenu ipo yote: satsumaimo ni viazi vitamu, kabocha ni boga na ni tamu kuliko la kwetu, satoimo ni magimbi madogo madogo yenye manyoya, tui la kopo linatoka Thailand. Mwezi mtukufu nilipika magimbi ya nazi nikamwonjesha jirani yangu bibi mmoja wa Kijapani, akauliza kwa nini sikutia mchuzi wa soya.

Maharage yanaitwa kintoki, yale mekundu makubwa. Usidanganyike na kopo lenye picha ya maharage madogo mekundu limeandikwa azuki, lile lina sukari, ni la kutengenezea vitamutamu. Nilitia kitunguu na nyanya kabla sijaonja... tuishie hapo.

Samaki ndio raha ya nchi hii. Anza na saba, siyo namba, ni samaki, ndugu yake kibua, bei yake nzuri na akichomwa anatoa mafuta mwenyewe. Supamaketi nyingi ukinunua samaki mzima wanakuparulia na kukukatia bure, unaonyesha tu kwa mkono. Pweza pia yupo, wengi wanatoka Mauritania na Morocco, ameshachemshwa, kwa hiyo usimchemshe tena akawa raba.

Waislamu jifunzeni herufi moja kabla ya salamu: 豚, nguruwe. Anaingia sehemu usizotarajia, vipande vya kari, supu ya tambi, hata chipsi. Na ラード ni mafuta yake. Simu yako weka programu ya kutafsiri kwa kamera, unamulika pakiti inasoma, inakosea kosea lakini inakuokoa.

Ukifika kwa keshia ataongea maneno mengi kwa haraka. Usitetemeke, anauliza kama unataka mfuko, maana tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki inalipiwa, na kama una kadi ya pointi. Kote jibu "daijobu desu", maana yake sihitaji. Pesa weka kwenye kile kitrei siyo mkononi mwake. Halafu hakufungii mtu, unabeba kikapu mpaka meza ya pembeni unajipakilia, na kile kisponji chenye maji pale ni cha kulowesha vidole ufungue mfuko, mimi nilidhani ni cha kufutia meza. Kupatana bei sahau, labda soko la Ameyoko pale Ueno, Tokyo, jioni, wale wanapiga kelele kama Kariakoo na ukisimama sana wanakuongezea au wanapunguza.

Friji, mashine ya kufua, meza, usinunue mpya. Hapa kutupa friji unalipia, kwa hiyo mtu anayehama anaona bora akupe wewe. Mwezi wa tatu ndio msimu, mwaka wa kazi na shule unaisha, watu wanahama, ingia Jimoty, tovuti ya watu kugawiana na kuuziana vitu, utakuta vya bure kabisa, kazi yako usafiri tu.

Na kama bado uko nyumbani unafunga begi: nyama, soseji, biltongi usithubutu bila cheti cha ukaguzi, mbwa wa uwanja wa ndege watakunusa na faini inaweza kufika yen milioni 3. Kahawa usibebe, ya kwetu utaikuta inauzwa kwa jina la Kilimanjaro. Beba mwiko. Vijiko vyao vya wali ni vya plastiki, cha kwangu kilivunjikia kwenye ile gundi.