SOMO: Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Fuata hatua hizi kabla hujamlipa fundi (Mwanza)

Habari za humu ndugu zangu. Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ziko Nyegezi, Pasiansi, Kirumba na Capri Point. Kila mwaka joto likipanda kabla vuli haijashika, napigiwa simu na watu waliokwisha kulipa mara mbili au tatu kwa ugonjwa uleule. Inaniuma, kwa sababu wengi wangeuzuia kwa kuuliza maswali machache tu. Bei nitakazotaja ni ninazotoza mimi kwa AC ya ukutani ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Fundi mwingine ana zake, ila zitakusaidia kupima.

Hatua ya 1: Anza na chujio

Fungua mfuniko wa mbele, toa machujio, yaoshe kwa maji na sabuni, yakauke kivulini. Chujio likiziba, hewa haipiti, koili ya ndani (mabomba membamba yanayopoza hewa) inapoa kupita kiasi hadi inashika barafu, halafu unaambiwa gesi imeisha. Ukiona barafu, zima, iache iyeyuke yote, rudisha chujio safi, washa tena. Ikipoza vizuri, umemaliza bila kutoa hata mia.

Hatua ya 2: Kagua boksi la nje

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na miji mingine. Ndugu zetu wa Dar na Tanga wanalia na chumvi ya bahari inayokula koili. Ziwa letu halina chumvi hiyo, lakini tuna wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Wadudu hao wanafuata taa. Kama umefunga taa ya ulinzi juu ya boksi la nje, feni inawavuta usiku kucha, wananasa kwenye koili, wanachanganyika na vumbi, na asubuhi koili imevaa blanketi. Joto halipati pa kutokea. Presha inapanda, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inachemka na kujizima, na LUKU inakatika haraka.

Hamisha taa hiyo. Halafu zima breka (swichi ya umeme wa AC) na uoshe koili kwa maji ya bomba ya kawaida. Servisi kamili, ndani na nje, natoza shilingi 35,000. Nyumba iliyo karibu na maji naiosha kila miezi mitatu. Igoma au Buhongwa miezi sita inatosha.

Hatua ya 3: Gesi

Someni hapa kwa makini, maana fedha nyingi zinapotelea hapa. Gesi inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, haichomwi wala haitumiki ikaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi akikujazia bila kutafuta tundu, umelipia gesi itakayotoka tena, pengine kabla ya Krismasi.

Mwambie aanze na povu la sabuni kwenye nati zinazounganisha mabomba, ndani na nje. Mara nyingi tundu liko hapo, na alama yake ni mafuta mafuta yaliyoshika vumbi. Asipoliona, ajaze gesi ya naitrojeni kwenye mabomba na kuacha geji (kipimo cha presha) kwa muda, aone kama presha inashuka. Akishaziba, ni lazima apige vakyumu, yaani anyonye hewa yote iliyo ndani ya mabomba kwa pampu, mimi nafanya si chini ya nusu saa. Wapo wanaosukuma hewa nje kwa kufungulia gesi kidogo. Usikubali. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu ukibaki ndani ya mabomba unachanganyika na mafuta ya kompresa, unazaa tindikali inayoila kompresa polepole. Mwisho gesi ipimwe kwa mzani, kwa sababu kibandiko cha boksi la nje kimeandika gramu zinazotakiwa.

Soma pia aina ya gesi. R22 ni ya mashine za zamani. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, inaondolewa, na kwa nchi zetu mwisho ni 2030, ikibaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. R410A na R32 ndizo zilizo kwenye mashine nyingi za sasa. Hazichanganywi wala hazibadilishani. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asichomelee bomba likiwa na gesi ndani.

Kazi hii nzima, kuanzia kutafuta tundu hadi kujaza, natoza 130,000. Anayekwambia 60,000 huenda anajaza tu.

Hatua ya 4: Kabla hujakubali kwamba kompresa imekufa

Mzee mmoja wa Nyegezi aliambiwa kompresa imeungua, akatajiwa bei inayokaribia AC mpya. Alikuwa ameanza kuuza mbuzi. Nilipofika, boksi la nje lilikuwa linanguruma bila kuwaka, kisha breka inashuka. Nikapima kapasita, kile kifaa kidogo kinachotunza umeme wa kuisaidia kompresa kuwaka, imechoka kabisa. Nikaweka nyingine ya namba ileile, jumla 25,000 pamoja na ufundi, na chumba kikapoa jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo omba kapasita ipimwe kwa mita mbele yako. Usiishike mwenyewe, inatunza umeme hata breka ikiwa imezimwa. Mashine za inveta, zile zinazobadilisha kasi ya kompresa, hazina kapasita ya kompresa ya namna hiyo. Huko kinachokufa mara nyingi ni bodi ya umeme.

Kama kompresa kweli imekufa na AC imepita miaka minane, mimi namshauri mwenye nyumba anunue nyingine. Matengenezo yakifika nusu ya bei ya mpya, usiendelee.

Hatua ya 5: Kinga ya umeme

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, presha ndani ya mabomba haijatulia, kompresa inashindwa kuanza na kuungulia hapohapo. Funga kinga inayochelewesha umeme kwa dakika tatu au zaidi na kukata umeme ukishuka sana. Nunua ya uwezo wa AC, ile ndogo ya friji haitoshi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, ya kwangu inadondosha maji juu ya kitanda. Gesi imezidi? (Dada wa Igoma)*

Hapana dada yangu. Maji hayo ni unyevu wa hewa. Usiku mmoja wa mvua yanaweza kujaza ndoo ya lita 10. Bomba la kuyatoa limeziba kwa utelezi wa ukungu, au limepinda likapanda juu. Lisafishwe kutokea nje na lipewe mteremko. Ni ufundi tu, 15,000.

*Mkuu, nimejaziwa mara tatu, fundi anasema tundu halionekani.*

Basi huenda liko kwenye koili ya ndani, ambako povu halifiki bila kufungua mashine. Mwambie afungue na apige naitrojeni. Koili ikiwa imetoboka kwa kuliwa, kuziba hakudumu, ibadilishwe. Usijaze mara ya nne.

*Naweza kuoshea kwa mashine ya kuoshea magari?*

Usithubutu. Inalaza vile vibati vyembamba vya aluminiamu, hewa haitapita tena.

*Mimi ni mpangaji. Kompresa ikifa nani analipa?*

Kwanza soma mkataba wako. Wateja wangu wengi wanakubaliana hivi: servisi ni ya mpangaji, kompresa na koili ni za mwenye nyumba. Muhimu umwandikie mwenye nyumba kabla ya fundi kufungua chochote, na utunze spea ya zamani umwonyeshe.

*Kaka, AC inamaliza unit zangu. Niko kundi la chini la TANESCO.*

Kundi hilo ni unit 75 kwa mwezi, zikipita bei inapanda. AC ya BTU 12,000 inakula karibu unit moja kwa saa kompresa ikiwa inafanya kazi. Ukilala nayo kwa muda wa saa nane, kompresa ikipumzika nusu ya muda, ni unit nne kwa usiku, yaani 75 zinaisha kabla ya siku 20, hapo hujawasha hata taa. Weka nyuzi 25 badala ya 18, funga madirisha, na kwa usiku wetu wa Juni hadi Agosti jaribu feni peke yake. Ukiona bado inakula, piga picha ya kibandiko cha boksi la nje na ya koili yenyewe, ziweke hapa nizione.