Maongezi ya Wasafiri na Wenyeji: Namna ya Kuyaandaa Yasigeuke Mahojiano

Kikao cha kuwakutanisha wasafiri na wenyeji waongee huharibika kwa njia moja zaidi ya nyingine zote: mwenyeji anageuka mtoa maelezo na msafiri anageuka mwuliza maswali. Baada ya nusu saa wenyeji wamechoka kuelezea maisha yao, na wao hawajajua lolote kuhusu mtu aliye mbele yao. Idadi ya watu, viti, maswali na hata pesa vipangwe ili kuepuka hilo.

Alika watu 12, kwa sababu wawili watatu hawatatokea, na 8 hadi 10 ndio kundi linaloendesheka vizuri. Wenyeji wawe nusu au wazidi kidogo. Mwenyeji mmoja kati ya wasafiri saba atahojiwa tu, hata kama wote wana nia njema. Usijaze waongoza watalii upande wa wenyeji. Kueleza ndiyo kazi yao, na watafanya kazi badala ya kupiga soga. Changanya umri. Wasafiri waliokuja pamoja watenganishwe tangu mwanzo, la sivyo watarudi kwenye lugha yao na wengine watabaki kutazama.

Mahali pawe pa wazi kwa umma, panapofikika kwa urahisi, pasipomlazimisha mtu kununua kitu, na viti viweze kuhamishwa. Kabla ya kukubali, nenda saa ileile ambayo kikao kitafanyika. Kaeni wawili kwenye pande mbili zinazotazamana za duara mnalokusudia, muongee kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kuinama ili msikie, tafuteni pengine. Kelele humwelemea zaidi anayesikiliza lugha isiyo yake: mwenye lugha hujazia neno lililopotea, mgeni hupoteza sentensi nzima. Meza ndefu pia ni tatizo, maana walio kwenye ncha hubaki na jirani mmoja jioni nzima.

Kwenye mwaliko andika saa ya kuanza na ya kumaliza, lugha zitakazotumika, gharama kama ipo, na mambo mawili yasiyoruhusiwa: kuuza chochote, na kupiga picha bila kuomba ruhusa.

Dakika 90 zinatosha. Kumi za kwanza ni za watu kufika, na tano za mwongozaji wa kikao kukaribisha. Kisha watu wakae wawili wawili, msafiri na mwenyeji, kwa dakika 8: mmoja anauliza dakika 4, halafu wanabadilishana. Mwongozaji atangaze mabadilishano hayo kwa sauti, kwa kuwa peke yao hawatabadilishana. Unganisha jozi mbili ziwe kundi la wanne, dakika 20; panga upya makundi, dakika 20 nyingine. Robo saa ya duara la wote hufuata, na dakika zinazobaki ziachwe huru. Duara la wote lisije mwanzoni. Mbele ya watu kumi wasiojuana, mwenye haya hutaja jina na nchi yake, kisha hunyamaza moja kwa moja.

Maswali ndiyo yanayostahili muda wako mwingi wa maandalizi. "Hapa kwenu watu huishije?" ni swali zito, kwa sababu linamtaka mtu mmoja awasemee maelfu. "Umetembelea nchi ngapi?" ni baya zaidi: linafanya safari kuwa mashindano na kumfungia nje asiyewahi kupata viza wala nauli. Chagua maswali ambayo yeyote anaweza kuyajibu kutoka maishani mwake. Nani alikupa jina lako, na kwa nini? Kazi unayofanya ulifundishwa na nani? Mgeni akija nyumbani kwenu, hukosea nini mara ya kwanza? Weka na kanuni moja isiyovunjwa: ukiuliza, nawe ujibu swali hilohilo. Kanuni hii peke yake huzuia nusu ya mahojiano.

Kama lugha ni mbili, mkalimani mmoja asihudumie zaidi ya watu wawili, na mwingine ashike nafasi yake baada ya dakika 20, kwani kutafsiri kunachosha na makosa huongezeka. Wafundishe watu kumtazama anayesema, wasimtazame mkalimani. Swali likishaulizwa, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuvunja ukimya. Mara nyingi aliyeulizwa anatafuta neno tu.

Atakuwepo anayesema bila kuachia nafasi. Usimkemee, shika jambo lake la mwisho umpelekee mwingine kwa jina. Siasa na dini usizipige marufuku, ila zirudishe kwenye "wewe mwenyewe uliona nini," na ukiona uso wa mtu umebadilika, vunja makundi kabla ya saa yake. Akitokea anayeomba pesa au anayetongoza, mwite pembeni mara moja. Namba za simu kila mtu ampe amtakaye, kwa mkono wake. Usizisambaze kwa kundi zima.

Kuhusu pesa, mchango uwe sawa kwa wote au usiwepo kabisa. Msafiri akilipa na mwenyeji akiingia bure, msafiri huona amenunua huduma, na mwenyeji huona ameajiriwa. Anayehitaji nauli asaidiwe faraghani.

Funga kwa saa uliyotangaza, hata mazungumzo yakiwa moto. Wanaotaka kuendelea wataendelea, na mwenye usafiri wa mwisho hataona aibu kuondoka. Usiku huohuo andika nani hakusema kitu, swali gani lilikufa, na dakika ipi watu walianza kutazama simu zao. Kikao kijacho kifupishe kiishe kabla ya dakika hiyo.