Uzio wa nyumbani Rungwe: iangalie nguzo pale inapoingia ardhini

Mwezi Juni mfugaji mmoja wa vijiji vya juu ya Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, aliniita nikaone uzio wake uliolala upande mmoja, ng'ombe wakipita watakavyo kwenda kwenye migomba ya jirani. Alikuwa na hakika ni mchwa. Tuling'oa nguzo moja ya mlingoti (mkaratusi) tukailaza kwenye majani. Ncha iliyokuwa chini kabisa ya shimo ilikuwa ngumu, panga likigonga linadunda. Sehemu ya juu ilikuwa kavu na nzima. Kati yake, kiasi cha shubiri moja pale inapoingia ardhini, mti ulikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kidole kilizama. Mchwa hatukumwona hata mmoja.

Kinachoozesha mti ni kuvu, na kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini shimoni hewa ni haba. Juu, upepo na jua hukausha. Usawa wa ardhi ndipo vyote viwili hukutana, na katika wilaya ambayo sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hapo hapakauki karibu mwaka mzima. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo na nguvu kidogo, vipeleke kwenye shubiri hiyo moja.

Jenga kati ya Juni na Septemba. Udongo wa masika haushindiliki. Utaukanyaga leo, kesho nguzo inacheza. Mti nao uwe umekatwa miezi kadhaa kabla, umemenywa gome na kukaushwa kivulini, ukiwa umeinuliwa juu ya mawe. Gome likibaki hushika maji kama sifongo.

Kwa nguzo ya mita 2.4, chimba sentimita 60 hadi 75. Nguzo za kona na za geti ziende hadi 90, ziwe nene kuliko nyingine, na kila moja iwekewe mwega (mti wa mshazari wa kuitegemeza) upande ule waya unakoivutia. Kona ina pande mbili, basi miega ni miwili. Mwaga kokoto sentimita 10 hadi 15 chini ya shimo, simamisha nguzo juu yake, kisha rudisha udongo kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka ukilishindilia kwa mti mzito hadi litoe sauti kavu. Tabaka la mwisho liinuke kuizunguka nguzo kama kichuguu kidogo, maji yakimbilie nje.

Kuhusu saruji nina neno, maana makosa haya nayaona kila mwaka. Watu humwaga zege chini, husimamisha mti juu yake, kisha huzungushia zege pembeni. Hapo wametengeneza kikombe. Mti ukikauka husinyaa, mwanya unafunguka, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Ukitaka zege, liwe la pembeni tu, mguu wa nguzo ukanyage kokoto, na uso wa zege uinuke kidogo juu ya ardhi ukiteremkia nje.

Oili chafu siishauri. Huingia kwenye ngozi ya mti tu, mvua huisafirisha hadi kwenye mboga, na ng'ombe huilamba. Afadhali ununue nguzo chache zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani zitokazo Mufindi na Njombe, uzitumie kwenye kona na geti. Ukilazimika kuikata nguzo ya namna hiyo, upande uliokatwa ukae juu. Dawa haifiki kwenye moyo wa mti, na ukiuzika upande huo umeufungulia kuvu mlango. Kichwa cha nguzo yoyote kikatwe mshazari, au kivishwe kipande cha bati.

Wengi wetu hapa tunajaza uzio kwa mianzi. Ni mizuri na bei yake inashikika, ila isiguse ardhi: ifunge kwenye fito za kulala, uache nafasi ya vidole vinne chini. Juu ikate mara baada ya fundo. Ukikata katikati ya pingili unabaki na kikombe kinachojaa maji, mwanzi unaoza na mbu wanazaliana mlangoni kwako.

Seng'enge iwe ya zinki. Misumari ya U ipigwe kwa kuinamisha kidogo ili isipasue mti, na isizamishwe hadi kuubana waya. Zinki ikikwaruzwa, kutu huanzia hapo. Uzio ukivuka mfereji, usiuzibe. Takataka za mafuriko zitakwama na maji yataubeba wote. Ninginiza mbao fupi kwenye waya wa juu, maji yazisukume na kupita.

Ukarabati ufanye kila masika yanapokwisha. Fukua kidogo kuzunguka kila nguzo na ichome kwa bisibisi. Ikizama bila kulazimishwa, nguzo hiyo imekwisha hata kama inaonekana imara. Ikiwa juu bado ni nzima, zika kigingi kipya imara pembeni yake, vifunge pamoja kwa bolti au waya mahali pawili, kisha kata mguu uliooza. Nguzo mpya usiisimamishe kwenye shimo lenye mabaki ya mti uliooza. Sogea nusu mita.

Pale penye maji yasiyoondoka, achana na nguzo zilizokufa, panda zilizo hai. Wenzetu wa Kilimanjaro wameweka mipaka ya vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, kwa mimea ya masale tangu enzi za mababu, na kila mvua inayoozesha nguzo zetu hunenepesha za kwao. Maeneo ya chini yenye joto, mti wa girisidia unafaa na majani yake ni malisho ya mbuzi na ng'ombe. Panda vipande mvua zinapoanza, usigeuze juu kuwa chini, na waya usipigilie mpaka viwe vimeshika mizizi.

Mabaki ya nguzo za kijani msiyapeleke jikoni. Dawa yake huwa na aseniki, ambayo ni sumu, na moshi wake huingia kwa mama na watoto waliokaa kando ya moto. Majivu nayo yasimwagwe bustanini.