SOMO: Je, modeli yako ya tabianchi inaupatia unene wa barafu ya bahari?

Wiki hii nimejibu swali hili mara nne. Naliweka hapa, anayekuja alikute.

1. Pakua sithick, sivol na siconc (unene, ujazo na eneo lililofunikwa na barafu) za CMIP6, mkusanyo wa matokeo ya modeli za tabianchi duniani.

2. Pakua vipimo vya CryoSat-2, setilaiti iliyorushwa 2010. Kwa Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini, tumia Oktoba hadi Aprili. Majira ya joto, madimbwi juu ya barafu huichanganya rada.

3. Weka zote kwenye gridi moja, yaani ramani iliyogawanywa visanduku vilevile.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. sithick ni unene wa barafu yenyewe, pale ilipo. sivol nayo huandikwa kwa mita, lakini ni barafu hiyo ikitandazwa kwenye kisanduku kizima cha gridi, maji matupu yakiwemo. Barafu ya mita 2 ikifunika nusu ya kisanduku, sithick ni 2, sivol ni 1. Nililinganisha sivol na unene wa setilaiti, nikailaumu modeli kwa barafu nyembamba. Miezi miwili ikapotea. Kama una sivol tu, igawanye kwa siconc. ANGALIA: siconc ni asilimia ya kisanduku iliyofunikwa na barafu, igawanye kwanza kwa 100. Visanduku vilivyo chini ya asilimia 15 viache, hutoa namba za ajabu.

5. Chukua namba ya modeli, ondoa kipimo cha setilaiti, chora ramani ya tofauti. Wastani mmoja wa Aktiki hudanganya: ziada upande wa Siberia hufuta upungufu wa kaskazini mwa Greenland.

MASWALI

— Mkuu, nitumie mafaili yako basi.
Hatua ya 1.

— Mbona Aktiki nzima napata sentimita 2?
Asilimia. Hatua ya 4, nimeiandika kwa herufi kubwa.

— Shikamoo mwalimu, niko Lindi. Setilaiti inaionaje barafu iliyo chini ya maji?
Marahaba dada. Haiioni. Tazama mtumbwi ukipakiwa magunia hapa Mikindani: kila gunia likiingia, ukingo unayasogelea maji. Ukiujua mzigo na ukingo uliobaki, unakadiria kilichozama. Rada hupima huo ukingo, ambao ni kama sehemu moja ya kumi ya barafu; theluji ndiyo magunia. Ukikosea ukingo kwa sentimita 5, unene unakosewa karibu nusu mita. Kwa hiyo kabla hujailaumu modeli, angalia waliopima walitoa wapi namba za theluji.

— Na PIOMAS, yale makadirio ya ujazo wa barafu ya Aktiki, je?
Nayo ni modeli, ila hulishwa vipimo. Usiifanye rula.

— Umeme ukikatika nikiwa napakua, naanza upya?
Hapana ndugu yangu. Pakua kwa programu ya wget: andika wget -c, itaendelea ilipoishia. Huku Mtwara imeniokolea bando nyingi.