Namba ya mauzo isiyokuumbua Jumatatu asubuhi

Nachambua takwimu katika duka la mtandaoni hapa Nairobi. Kila Jumatatu bosi huuliza: wiki iliyopita tumeuza kiasi gani? Kabla sijamjibu napita hatua hizi.

1. Kubalianeni "mauzo" ni nini. Watu wa masoko huhesabu oda zilizowekwa, mhasibu huhesabu pesa zilizoingia. Mteja akilipia mlangoni, katikati hapo kuna bodaboda, simu isiyopokelewa na "hii siyo rangi niliyoagiza". Mimi nahesabu oda iliyofika, ikalipwa, na haijarudishwa. Maana hiyo naiandika juu kabisa ya ripoti, ubishi uishie hapo.

2. Rekebisha saa. Hifadhidata nyingi hutunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Aliyenunua saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa anaonekana kanunua Alhamisi saa tano usiku. Siku za kawaida hutagundua. Ngoja ofa ianze saa sita usiku: saa 3 za mwanzo, zenye vurugu zote, zinahesabiwa jana. Ongeza saa 3 kwanza, ndipo ugawe kwa siku.

3. Hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha majedwali. Ukiunganisha jedwali la oda na la bidhaa, oda yenye bidhaa tatu inatoa mistari mitatu, na jumla ya oda inajirudia kwenye kila mmoja. Shilingi 4,500 inageuka 13,500. Niliwahi kuipeleka namba ya aina hiyo kikaoni, nikapigiwa makofi. Kesho yake nikarudi kuishusha; makofi hayakuwepo.

4. Safisha namba za simu. Mteja mmoja kajiandikisha kwa 07, mara nyingine kwa +2547. Tayari ni wateja wawili. Bakiza tarakimu 9 za mwisho.

5. Linganisha na taarifa ya M-Pesa. Oanisha kwa namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu, jumla 10. Usioanishe kwa kiasi, maana siku ya ofa watu kibao hulipa 999 ileile. Miamala iliyokosa oda mpe mhasibu. Oda zilizokosa muamala waulize wa usafirishaji.

Grafu ni dakika kumi tu. Chora mistari miwili, wiki hii na iliyotangulia. Ukichora duara la vipande kumi na viwili, bosi atakuita umsomee.